Tairi linapogusa madigadi: kisa cha Vitz moja ya Tororo

Gari ni Toyota Vitz ya kizazi cha kwanza, lile umbo la mviringo lililoanza kutengenezwa mwaka 1999. Mwenye gari ni Hajati anayeuza vitenge na mashuka. Mzigo huuchukua Malaba na kuuleta Tororo mjini, mashariki mwa Uganda, na siku za gulio huingia nao vijijini kwa barabara za vumbi. Kiti cha nyuma hakikosi mabunda, na pembeni ya mabunda mara nyingi huketi wapwa zake.

Rimu zake za chuma za inchi 14 zilikuwa zimepindwa na mashimo, na mbili zilikuwa zikipoteza upepo kila usiku. Muuzaji mmoja wa rimu akampa seti nzima ya rimu za spoti za inchi 15 zikiwa na matairi yaliyokwisha kutumika, na zile za zamani akazikata kwenye bei. Alimwambia maneno tunayoyasikia kila mahali: "Hizi zinaingia Vitz." Kweli ziliingia. Habu ya Vitz, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa, ina boliti nne zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, na matundu ya rimu zile yalikuwa vivyo hivyo. Nati zikakazwa, jeki ikashushwa, gari likaondoka likipendeza.

Wiki haikuisha kabla kelele hazijaanza. Hajati alikwenda kwa fundi wa kwanza, akaambiwa springi zimekufa, ziwekewe vipande vya mpira ili gari liinuke. Wa pili aliangalia tairi la nyuma, akaona rangi imechubuka kwenye ukingo wa madigadi, akaenda kuleta grainda. Hajati akasema asubiri kwanza, akaja kwangu gereji.

Kisa hiki nakiandika kwa sababu ya hiyo grainda. Hapa kwetu nimeona Vitz, Starlet na Fit nyingi zilizokatwa ukingo wa madigadi kwa ajili ya tairi, na nyingi bado zinapiga kelele. Ukingo wa nyuma wa gari dogo ni mahali ambapo bati la nje na bati la ndani yameunganishwa. Ukiukata umefungua mshono. Matope na maji huingia katikati, na kutu huanza pasipoonekana. Kazi ya dakika chache humharibia mtu bodi maisha yote ya gari.

Kabla ya kugusa spana nilimuuliza Hajati kelele hutokea lini. Wengi huanza na "wapi", lakini dereva hajui wapi. Yeye yuko kwenye usukani, sauti inatoka chini na inasafiri kwenye bati. Lini anajua vizuri sana.

"Nikienda moja kwa moja kwenye lami, kimya," alisema. "Nikiwa na mzigo na watoto, nikipita tuta, nyuma kunalia. Halafu nikiingia pale kibandani kwangu, nikikata kushoto huku nafunga breki, mbele kunakwangua."

Jibu hilo peke yake liliondoa mambo mengi. Beringi iliyokufa hulia kwenye lami nyoofu na sauti yake hupanda na mwendo. Kokoto iliyonasa kati ya diski ya breki na bati lake la kukinga vumbi hukwaruza bila kujali mzigo. Hapa tulikuwa na kelele mbili zenye sharti tofauti: moja inahitaji uzito na tuta, nyingine inahitaji usukani na breki. Kelele zenye sharti tofauti mara nyingi zina chanzo tofauti, na aliyetaka kuzitibu kwa dawa moja, iwe mpira kwenye springi au grainda, angeshindwa angalau kwa mojawapo.

Kisha ndipo nikatafuta wapi. Tairi linalogusa huacha alama mbili, yaani moja kwenye tairi na nyingine kwenye kitu linachokigusa. Nilipaka chaki kwenye mabega (kona ambapo sehemu ya kukanyagia hukutana na ubavu) na mbavu za matairi yote manne, ndani na nje, halafu nikapaka ukingo wa madigadi na plastiki za ndani. Tukapakia mabunda yale yale, vijana wawili wakakaa nyuma, Hajati akaendesha njia yake ya kawaida hadi kwenye matuta na kurudi. Gari la mtu lipimwe likiwa na mzigo wa mtu huyo. Vitz tupu kwenye sakafu ya gereji ingesema haina neno.

Chaki ilifutika sehemu tatu, ingawa Hajati alikuwa amelalamikia mbili.

Ya kwanza ni nyuma kushoto: bega la nje la tairi lilikuwa limegonga ukingo wa madigadi juu kabisa. Ya pili ni mbele kulia, sehemu ya nyuma ya madigadi karibu na kizingiti cha mlango. Plastiki ya ndani ilikuwa imesuguliwa hadi inang'aa. Ya tatu ilikuwa mbele kulia pia, lakini upande wa ndani, mahali ambapo haionekani mpaka ulale chini na tochi. Ubavu wa ndani wa tairi ulikuwa ukigusa kikalio cha springi, kisahani kinachobeba springi kwenye shokapu, na mpira ulikuwa umeliwa duara zima. Sehemu moja nyuzi zilikuwa zimeanza kuonekana.

Hii ya tatu haikuwa na kelele ya kumfikia dereva, na ndiyo iliyonitisha. Madigadi ikiguswa inaharibika rangi, na plastiki inatoboka. Ubavu wa tairi ukiliwa hadi nyuzi, tairi hupasuka, na ubavu ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Yule bibi alikuwa akienda Mbale na wapwa zake juu ya tairi hilo.

Tukarudi kwenye namba. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kilisema 175/65R14. Matairi aliyouziwa yaliandikwa 195/60R15. Watu huangalia namba ya mwisho tu, wakasema tofauti ni inchi moja. Hesabu yake ni hii: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la zamani lina ubavu wa karibu milimita 114. Mara mbili, ongeza rimu ya inchi 14 ambayo ni milimita 355.6, unapata kipenyo cha 583. Jipya lina ubavu wa 117. Mara mbili, ongeza 381, unapata 615. Tofauti ni milimita 32. Kutoka katikati ya habu hadi nje, tairi limekua kwa milimita 16 kila upande.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Tairi kubwa huinua gari, kwa hiyo mtu hudhani nafasi imeongezeka. Gari limeinuka kutoka ardhini, lakini habu imebaki pale pale ndani ya madigadi. Tairi limesogea milimita 16 karibu na kila kitu kinacholizunguka: bampa mbele, kizingiti nyuma, kikalio cha springi juu. Na kwa kuwa mzunguko umekuwa mkubwa kwa zaidi ya asilimia 5, spidomita nayo inadanganya. Ikisoma 80, gari linaenda zaidi ya 84.

Ukubwa huo ulieleza mguso wa pili na wa tatu kwa sehemu, lakini haukueleza wa kwanza. Nyuma bega la nje ndilo lililogonga, kwa hiyo tairi lilikuwa limetoka nje. Nikaivua rimu nikaisoma kwa nyuma. Iliandikwa 15 × 6½, yaani kipenyo na upana kwa inchi, na kando yake ET38. Rimu moja ya zamani ilikuwa bado ndani ya buti kama tairi la akiba, nayo ilisema 14 × 5½, 45.

Hiyo namba 38 na 45 ni ofseti, umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Ikipungua, gurudumu zima linasogea nje. Upana nao huongezeka pande zote mbili. Ukiyaunganisha: rimu ya zamani, nusu ya upana wake ni karibu milimita 70; ukitoa 45, ukingo wa nje unakaa milimita 25 nje ya uso wa habu. Rimu mpya, nusu ya upana ni 82.5, ukitoa 38 inabaki 44.5. Imetoka nje kwa karibu milimita 20 zaidi. Kwa upande wa ndani unajumlisha: ya zamani karibu 115, mpya 120.5. Imeingia ndani pia, kwa karibu milimita 6. Kwa hiyo rimu zilizouzwa kwa neno "zinaingia" zilikuwa zimesogea nje kuelekea madigadi na ndani kuelekea shokapu kwa wakati mmoja, zikiwa zimebeba tairi refu zaidi. Duara la boliti halisemi lolote kuhusu hayo.

Kwa nini nyuma iguse kushoto tu? Uganda tunaendesha upande wa kushoto, na barabara imeinuka katikati ili maji yatoke, kwa hiyo gari wakati wote limeegemea kushoto kidogo. Ongeza kwamba Hajati hupakia kwa mlango wa kushoto na mabunda mazito hubaki huko. Ekseli ya nyuma ya Vitz ni boriti moja. Tairi hupanda karibu wima ndani ya madigadi, bega la juu haliinami kuingia ndani kwa kiasi cha kuukwepa ukingo. Upepo nao ulichangia. Matairi yalikuwa na pauni 24 mahali pa 32, na tairi lenye upepo mdogo hutanuka mbavu. Nilipojaza, mguso wa nyuma ulipungua lakini haukuisha.

Kilichobaki ni mbele. Kama kosa lilikuwa ukubwa tu, kushoto na kulia zingegusa sawa. Nilipougeuza usukani hadi mwisho kabisa, kushoto nako kuligusa, ila kidogo sana. Kulia kuligusa usukani ukiwa nusu tu, ilimradi breki imekanyagwa. Tofauti ya pande mbili za gari moja, zenye rimu zile zile, inataka maelezo.

Nikabadilishana matairi ya mbele, la kulia kushoto na la kushoto kulia, na gari likaenda mwendo mfupi wa polepole palepale uwanjani. Hili ni jaribio ambalo ningependa kila fundi alifanye kabla ya kumwambia mtu anunue kitu, ila tu uangalie kama tairi lina mshale wa upande wa kuzunguka. Mguso wa ndani, ule wa kikalio cha springi, ulihamia kushoto pamoja na tairi. Mguso wa kizingiti ulibaki kulia.

Kwa hiyo ni mambo mawili yaliyokutana kona moja. Mguso wa ndani ulikuwa wa tairi: seti ile ilichanganywa, matairi ya kampuni tofauti yenye maandishi sawa, na hilo moja lilikuwa na mabega mapana kuliko wenzake. Namba zikifanana hazihakikishi kwamba matairi yanalingana kwa milimita. Tena upana unaoandikwa hupimwa kwenye rimu ya kipimo maalumu, na kila nusu inchi ya rimu inayoongezeka hutanua tairi kwa takriban milimita 5.

Mguso wa kizingiti ulikuwa wa gari lenyewe. Nilinyoosha usukani, nikapima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa mbele wa mlango, pande zote mbili. Kulia kulikuwa kufupi kwa milimita 12. Gurudumu limerudi nyuma. Nikaingiza mtaimbo kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu, nikasukuma, na bushi yake ya nyuma, kile kiungo chenye mpira ndani, ikafunguka, mpira umechanika kabisa. Dereva akikanyaga breki, gurudumu linarudi nyuma zaidi. Akikata kushoto, sehemu ya nyuma ya gurudumu la kulia inatoka nje kuelekea kona ya madigadi. Ndiyo ile kelele ya kibandani.

Nilimuuliza Hajati kama upande huo uliwahi kupiga shimo kubwa. Akacheka. "Mwanangu, niulize kama kuna shimo ambalo sijalipiga."

Bushi hiyo ilikuwa imechanika tangu zamani. Tairi la inchi 14 lilikuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo gurudumu lilirudi nyuma bila kugusa kitu na hakuna aliyejua. Hili nalisisitiza kwa sababu ya umri wa magari tuliyonayo. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi lilikatazwa kuingizwa nchini, na Vitz za umbo hili ziliacha kutengenezwa mwaka 2005. Zilizopo ndizo hizo, na mipira yake inazeeka nazo. Ukibadilisha kitu kimoja kwenye gari la umri huo, pima na jirani zake.

Sasa tiba. Mipira kwenye springi ingeinua gari likiwa limesimama, lakini tairi likipanda kwenye tuta kubwa hufika pale pale, maana kinacholizuia ni mpira wa kikomo, ule unaogongwa springi ikibanwa hadi mwisho. Kwa mguso wa kizingiti isingesaidia hata kidogo. Kijana mmoja hapo gereji alipendekeza spesa, yaani visahani vya kuisogeza rimu nje, nyuma ya rimu. Zingeondoa mguso wa ndani na kuzidisha wa nje. Kukunja ukingo wa madigadi kuelekea ndani, bila kuukata, ni kazi halali kwa milimita chache pale rimu inapokaribia kuwa sahihi. Hapa zilikuwa 20.

Tulifikiria kubakiza rimu na kubadilisha matairi tu, tuweke 185/55R15. Kipenyo chake ni 584.5, karibu sawa kabisa na cha asili, na spidomita ingerudi kusema kweli. Mguso wa ndani ungeisha, na wa kizingiti ungepungua. Lakini rimu ingebaki pale pale nje, na nyuma ingeendelea kugusa akipakia. Anayetaka inchi 15 kwenye gari hili atafute rimu ya upana wa inchi 6 yenye ofseti ya 45 hivi. Hiyo hutoka nje kwa milimita 6 tu kuliko ya asili. Zipo, ila inabidi uigeuze rimu usome nyuma yake kabla ya kutoa pesa.

Hajati aliuliza mimi ningefanya nini kama gari lingekuwa la mama yangu. Nikamwambia ningerudi kwenye chuma, inchi 14. Tairi la 175/65R14 lina ubavu wa milimita 114, lile la 185/55R15 lina 102. Kwa barabara za vumbi na mabunda, ule mpira wa ziada ndio unaoikinga rimu na shimo. Na rimu ya chuma ikipinda hunyooshwa mara nyingi. Ya aluminiamu ikipasuka, ni hasara. Uzuri wa rimu za spoti nauona, hata mimi napenda kuzitazama. Kazi ya gari hili ni nyingine.

Alikubali, ila sharti lake lilikuwa muuzaji azichukue rimu zake. Mimi na Hajati tulikwenda kwa muuzaji tukiwa na utepe wa kupimia na ile rimu ya akiba, tukaziweka mbili uso chini sakafuni, tukamwonyesha jinsi uso wa habu ulivyokaa tofauti. Hakubisha. Nadhani hakuwa amewahi kuelezwa. Alitafuta rimu nne za chuma zilizonyooka, na tofauti ya bei akaihesabu kwenye matairi.

Bushi mpya iliingizwa kwa presi. Kuigonga kwa nyundo huiharibu kabla haijaanza kazi. Boliti ya mkono ilikazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, maana ukiikaza likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira huanza maisha ukiwa umesokotwa, nao huchanika mapema. Kipimo cha habu hadi mlango kikarudi: tofauti ya kushoto na kulia ikawa milimita 2, jambo la kawaida kwa gari la umri huu. Baada ya hapo tukapima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, si kabla. Nati zilikazwa kwa spana yenye kipimo, nyutonimita 103, kisha zikarudiwa baada ya mwendo wa siku kadhaa, kwa sababu rimu zilizotumika zina rangi na kutu ambayo hujikandamiza. Ule ukingo wa madigadi uliochubuka ulisuguliwa, ukapakwa dawa ya kutu, kisha rangi.

Tukapakia tena mabunda, vijana wale wale nyuma, chaki kila mahali, matuta yale yale. Haikufutika popote.

Muuzaji alichukua rimu zake nne na matairi matatu. La nne, lile lililoliwa ubavu, alitaka pia, akasema lina kashata nzuri bado, yaani ile michirizi inayokanyaga barabara. Kashata kweli ilikuwa nzuri. Mtu akilisimamisha dukani, upande wa nje ukitazama barabara, yeyote angelinunua. Hajati alisema litoke kwenye hesabu, yeye atalilipia, lakini halirudi dukani. Nikalichana ubavu kwa kisu mbele yao wote wawili.